Shemeji Alihesabu Vichwa vya Ndakala Kwenye Sahani ya Mutoto Wangu

Hata siku moja haijapita tangu mutoto wangu achukue kopo langu la kupimia ndakala, samaki wadogo wakavu, likiwa limejaa mpaka mudomo, akalifunika na kiganja na kulitingisha kama kayamba, huku akicheka na meno yake mane. Niliinuka nimukaripie. Kisha nikaangalia ndani ya kopo, nikakaa chini palepale. Ndakala zilikuwa zimeshuka vidole viwili, na hakuna hata moja iliyoanguka nje.

Wasomaji, mimi ni mama wa miaka makumi mbili na miwili, hapa Albertville, kando ya ziwa. Mwenye ukurasa huu wa gazeti atanifichia jina langu, na la mutoto nalificha mwenyewe: tumuite Zawadi. Nilisoma miaka mine tu kwa Masista, basi mukikuta makosa, musamehe mukono wangu. Lakini kuhesabu najua. Njo maana roho inaniwaka.

Biashara ya ndakala ni yangu. Niliianza na franka za mikate niliyokaanga nikiwa na mimba ya Zawadi, moshi unaniingia machoni. Nanunua ndakala pale ufukoni asubuhi, naanika, nafunga ndani ya vitunga, vikapu vya kusuka, na treni inazipeleka Nyunzu kwa Mama Leoni, mwenzangu anayeuza soko la kule. Zamani hatukuhesabu makopo. Kitunga kilikuwa kitunga. Anauza, anatoa fungu lake, ananitumia langu, na hatukugombana hata siku moja.

Kisha akaingia shemeji, kaka mukubwa wa bwana wangu, karani wa biro, yaani ofisi, mwenye kalamu mbili mufukoni. Alitia franka zake kidogo, tukapatana kugawana faida, nami nilifurahi kweli. Akasema, "Mama Zawadi, munafanya kazi ya vipofu. Tuandike." Basi nikawa napima makopo makumi nne kwa kila kitunga, yeye anaandika karatasi, tunaifunga juu. Kule Nyunzu Mama Leoni akapima tena na kopo la namna ileile. Akakuta makumi tatu na sita. Kitunga cha pili, makumi tatu na tano. Kila wiki hivyo hivyo, na kamba zinafika hazijafunguliwa. Basi abaki nani? Mimi niliyefunga.

Siku moja shemeji aliingia jikoni kwangu bila hodi. Nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, na ndakala kidogo za franka zangu za chakula. Akafunua chungu! Kisha akainamia sahani ya Zawadi, akaanza kuhesabu vichwa vya samaki na kidole.

"Kumi na moja," akasema. "Kumbe makopo yangu yanapotelea hapa. Nyumba hii ina paka wawili, mukubwa na mudogo."

Muke wake alikuwa mulangoni. Akacheka: "Ah, sasa nimejua kwa nini mutoto amenona hivi!"

Mutoto alifikiri ni muchezo. Akaokota kichwa kimoja kilichoanguka kwenye nguo yake, akamupa baba yake mukubwa mukononi, kwa adabu, kama nilivyomufundisha. Shemeji akakipokea. Akasema, "Kumi na mbili."

Ile njo siwezi kuimeza, wasomaji. Mimi niite mwizi, nina mudomo wa kujibu. Lakini mutoto asiyejua kusema hata neno mwizi?

Siku ya Mungu iliyopita, Jumapili, shemeji na muke wake wakakusanya ukoo. Wakakata neno: mpaka mwisho wa mwezi huu nipige magoti mbele ya wote, niseme niliiba, niombe musamaha, na ufunguo wa kibanda changu cha ndakala niupeleke kwa muke wa shemeji. Yule yule aliyecheka! Bwana wangu ni muntu mupole, simutukani, lakini muda ule wote alikuwa anaangalia viatu vyake. Tulipobaki wawili akaniambia, "Omba tu musamaha, yaishe. Ni mukubwa wangu."

Nikamuuliza, "Musamaha wa nini?"

Akasema, "Wa chochote."

Sasa rudini kwenye kopo la Zawadi. Nilimuita jirani yangu, tukapima makopo makumi nne, tukafunga kitunga, tukakirusharusha na kukibiringisha uani, jirani akilia "tuku-tuku, tuku-tuku" kama treni ya Nyunzu, Zawadi nyuma akipiga makofi. Tulipochoka tukafungua, tukapima na kopo lile lile. Makumi tatu na saba! Vichwa vimevunjika, mikia imevunjika, na unga wake umejaza nafasi zote. Na sisi tulitingisha kidogo tu, treni inatingisha safari nzima. Samaki ni wale wale. Hakuna aliyeiba. Kilichotuharibia ni karatasi ya shemeji, inayohesabu ndakala kama matofali.

Sasa kuna kitu kinanizuia. Nikiwaonyesha mbele ya ukoo, watasema nimemuaibisha mukubwa wa nyumba, na bwana wangu atakuwa katikati. Nikipiga magoti, kibanda kinakwenda, na Zawadi atakua akiitwa mutoto wa mwizi. Bado nina tumaini, kwa sababu kitunga hakina ukoo, hakitapendelea muntu. Ninyi mama wenzangu, na ninyi papa wenye hekima, mungekuwa mimi mungefanya nini? Niambieni kabla mwezi haujak—

Ngojeni. Bwana wangu ananiita pale uani: "Mama Zawadi! Yaya amefika, anasema hawezi kungoja mwisho wa mwezi. Leta ufunguo!" Yaya ni huyo shemeji, kaka yake; nasikia na sauti ya muke wake. Basi nakwenda. Lakini ufunguo nauacha hapa mezani juu ya barua hii, na kitunga nakibeba kichwani, na kopo nimemupa Zawadi alishike, ili shemeji ahesabu mwenyewe, kwa kidole chake kile kile, mbele ya wote.