Walengwa wa Ikupa

Ikupa ni mtoto wa dada yangu, na akili ile hakuitoa kwa baba yake. Nasema mapema, ukoo ule usije ukajipachika baadaye. Alifagia wodi kule Igogwe miaka tisa, na katika kufagia akawa anawaangalia manesi wanavyomgeuza mgonjwa asiyejiweza, wanavyomkausha mgongo, wanavyomlisha uji asipaliwe. Siku alipoacha ufagio alikuwa anaweza kumgeuza mzee mzito kama gunia la viazi, na mzee asikatishe hadithi yake.

Akafungua kampuni hapa Ibighi. Kampuni kabisa, ina cheti cha kuandikishwa na mhuri. Kazi yenyewe ni hii: watoto wako Dar au Mbeya, mzee amebaki na migomba yake na magoti yamegoma. Ikupa anamtuma mhudumu asubuhi, anamwogesha mzee, anampikia, anahakikisha amemeza dawa. Ana wahudumu saba, wote kawafundisha mwenyewe, na mgonjwa wa kufundishia nilikuwa mimi. Nimegeuzwa kitandani na wanawake saba mbele ya mke wangu na sikulalamika.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, shirika linalompa wazee wengi wa kuhudumia likamwandikia barua. Kuanzia Julai ya mwaka unaofuata, kila anayemshika mzee awe na cheti cha mafunzo ya miezi mitatu. Asiye na cheti asishike. Kampuni isiyo na wenye vyeti itanyang'anywa wazee. Ikupa aliisoma mara mbili, akaikunja, akasema, "Mjomba, nitafunga."

Ada ya watu saba hakuwa nayo. Watu wa maendeleo ya jamii pale mjini wakamwambia upo mfuko unaozilipia kampuni mafunzo ya wafanyakazi wao, hata hizi za kuhudumia watu. Haombi mtu, inaomba kampuni. Unaomba kabla mafunzo hayajaanza. Ukianza kwanza, umejiondoa. Mfuko unatoa sehemu, mwajiri anachangia sehemu.

"Nichangie nini sasa?" aliwauliza.

"Mfanyakazi akiwa darasani na wewe unamlipa mshahara wake, huo ni mchango tayari."

Akaja kwangu ameshika kichwa. Huku kwetu mchango ni kadi ya harusi na mtu wa kukufuata mpaka shambani. Mchango wa mtu kutokuwepo kazini tulikuwa hatujausikia.

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Akaniletea mimi kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa karani wa kupima majani ya chai, na mabwana wakubwa wa kiwandani walipouona mwandiko wangu waliuliza nani kachapa. Darasa la saba sikumaliza, lakini hilo ni kosa la darasa.

Tulikwenda vizuri mpaka ukurasa wa sita: *Orodhesha walengwa wa mafunzo: jina, umri, elimu, wadhifa.* Hapo simu ikaja kwamba Mzee Andongwisye, mmoja wa wazee wake, ametokwa na kidonda mgongoni. Ikupa akanyanyuka. "Malizia, mjomba. Nikirudi nasaini."

Walengwa. Nani hapa hajui walengwa? Ni wale wanaoitwa majina ofisi ya kijiji siku ya kupokea pesa za kaya maskini. Anayepokea ndiye mlengwa. Na kwa Ikupa anayepokea ni nani? Nikaandika wazee. Saba, kwa kuwa mistari ilikuwa saba. Andongwisye, miaka themanini na nne, elimu: ngumbaru. Bibi Anosisye, sabini na tisa, elimu: kwaya. Wadhifa nikaweka wakulima wastaafu. Ukurasa wa saba ukauliza upungufu wa kila mlengwa, na huo nikaujaza bila hata kufikiri.

Ikupa alirudi amechoka, akasaini amesimama.

Wiki tatu baadaye simu ikalia tukiwa kwangu barazani. Alikuwa Beatrice, afisa wa mfuko, anapiga kutoka Mbeya. Ikupa akaweka sauti ya nje nami nisikie.

"Nimepitia walengwa wako, dada. Naona ni watu wazima kidogo."

"Ndiyo kazi yetu hiyo."

"Wataweza kukaa darasani saa sita kwa siku?"

Ikupa akanitazama. Nikapandisha mabega.

"Kukaa? Wawili hawakai kabisa. Tunawageuza kila baada ya saa mbili."

Upande wa pili karatasi zikafunuliwa. "Mnawageuza wafanyakazi?"

"Wafanyakazi ndio wanaogeuza."

"Sawa. Na baada ya mafunzo, ufanisi wao utaongezekaje?"

"Watageuzwa vizuri zaidi," Ikupa akasema.

Beatrice akasema Alhamisi atakuja mwenyewe, maana kamati inakaa Ijumaa. "Anaulizia nini huyu?" Ikupa akaniuliza. Nikamwambia watu wa ofisi wako hivyo, swali moja wanalivalisha makoti matatu.

Alhamisi nikawaandaa walengwa wangu wawili nyumbani kwa Andongwisye. Mzee kavaa koti la kanisani, kidole gumba kimeoshwa tayari kwa wino. Bibi Anosisye, jirani yake, tulimleta tumemshika mikono. Tulia, mhudumu anayewahudumia wote wawili, alikuwa anamimina chai. Beatrice akafungua faili.

"Andongwisye?"

"Nipo."

"Wewe ndiye unayeomba kusomea uhudumu wa wazee?"

Mzee alifikiri sana. "Wazee gani, mwanangu? Wenzangu wameshakufa."

Beatrice akamtazama Ikupa. Ikupa akanitazama mimi. Mimi nikatazama migomba.

Kueleweshwa kulichukua birika zima. Mlengwa, kumbe, ni mfanyakazi anayefundishwa. Mzee ni mnufaika. Mwombaji ni kampuni. Na pesa inakwenda chuoni. Nikauliza, basi huyo mlengwa mkononi anapata nini? Cheti, akasema. Nikaitikia kwa kichwa, ila si kwa kuelewa.

Ikupa hakucheka. "Kwa hiyo nimekosa."

"Majina nitabadilisha sasa hivi," alisema Beatrice. "Shida ni ukurasa wa saba. Upungufu wa ujuzi, humu imeandikwa 'magoti'. 'Sikio la kushoto'. Nataka wanachopungukiwa wahudumu."

"Wahudumu wangu hawapungukiwi. Nimewafundisha mwenyewe."

"Ukiandika hivyo, kamati itauliza wanakwenda kusoma nini."

Ikupa akisema wanajua, hapati. Akisema hawajui, anajitukana. Sijapata kumwona amekwama vile.

Aliyesema ni Bibi Anosisye. "Huyu Tulia akininyanyua ananivuta mkono. Bega linaniuma mpaka kesho yake."

Tulia akaweka birika chini. "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Ungenuna. Nani angenipikia?"

Mzee naye akasema anasuguliwa mgongo kwa nguvu palepale penye kidonda. Beatrice akaandika. Ikupa akasikiliza, macho sakafuni, kisha akasema polepole, "Kuvuta mkono nimemfundisha mimi. Na kusugua." Akawataja wahudumu wengine sita, mmoja mmoja, na namna kila mmoja anavyofanya, na Beatrice akaandika yote.

Desemba jibu likaja: wote saba wamekubaliwa, wazee wanabaki. Nilikuwa nimeshaanza kutamba sokoni Ikupa aliponionyesha mstari wa chini. Mwajiri si mlengwa. Akampigia Beatrice.

"Na mimi je? Mhudumu akiugua, mzee namshika mimi."

"Wewe ni mwajiri, dada. Mfuko unalipia wafanyakazi."

"Kwa hiyo Julai wote watashika isipokuwa mimi?"

"Labda ujilipie."

Nikamshauri aniandike mimi kuwa mwajiri, yeye awe mfanyakazi wangu. Akanitazama kama anautazama ukurasa wa sita.

Mwezi wa pili, Tulia akiwa katikati ya masomo, mimi na Ikupa tulikwenda naye kwa Bibi Anosisye. Ikupa akamshika bibi mkono amnyanyue kitini, kama alivyofanya miaka yote.

"Hapana, dada Ikupa," Tulia akasema. "Usivute. Weka kiganja hapa nyuma ya bega, goti lako mbele ya lake. Msubiri apumue."

Ikupa akaweka kiganja alipoonyeshwa, akasubiri. Bibi akasimama bila kuguna. Akamgeukia Tulia.

"Huyu mwanafunzi wako ameanza lini?"

"Leo, bibi," Ikupa akasema, kiganja bado kiko nyuma ya bega.