Darasa la watu wazima ambalo kila mtu "alifahamu"

Wakuu wa baraza, salamu alekum. Nasema yaliyotukia, wallahi sitii chumvi.

Reli imeshafika bara, akaja Mzungu mmoja hapa Mji wa Kale kufundisha watu wazima herufi za Kizungu. Za Kiarabu twazijua tangu chuo cha Kurani, ila kwake yeye sisi sote hatujui kusoma. Haya.

Tena eti ni mtafiti. Njia yake ya kushika neno zima, bila kupiga hijai herufi kwa herufi, imefaulu kwingine. Sasa ataka ushahidi wa Mombasa.

Dada yangu Mwanaisha, mjane, akajiunga, nami pia. Mhindi muuza dawa alimuahidi kazi ya kuhudumia wanawake wanaoona haya kumueleza mwanamume maradhi yao. Sharti asome vibandiko vya chupa. Akikosa, arudi kwa wakwe wanaomsimanga hata kwa kikombe cha chai.

Miezi ikapita, siku ya ushahidi ikafika. Mwadhani alitupa kitu tusome? Wapi! Tumekaa ukumbini, wanawake nyuma ya pazia, kahawa na haluwa mbele yetu, akauliza: "Je, mmefahamu?"

Jamani, mgeni akuuliza kwa uso mkunjufu, utamjibu nini?

"Nimefahamu, bwana."

"Nimefahamu sana."

Hata mzee wa duka la vitambaa, aliyesinzia tangu siku ya kwanza, naye kafahamu! Bwana aandika tu, meno nje. Akatangaza darasa limefaulu, kwa hivyo lafungwa.

Nyuma ya pazia sauti ikatoka: "Mimi sikufahamu. Nipe karatasi tusiyopata kuiona."

Mwanaisha akapewa. Maneno mawili, akakwama. Wanaume wakacheka.

Nikapandwa na hasira. "Haya, ileteni huku msome nyinyi!"

Ghafla kila mtu ana kikohozi.

Mtafiti akanuna, eti mwanamke mmoja hawezi kumuharibia ushahidi. Mwanaisha akamwambia, "Ikiwa wote wamefahamu, basi nimebaki mimi. Nifundishe."

Bwana akachukua tena chaki. Darasa likaendelea na mwanafunzi mmoja, na safari hii akapiga hijai, herufi moja moja. Wale wengine wangerudije? Si wameshafahamu!

Kazi akaipata, alhamdulillahi.

Funzo langu: kumuuliza mtu mzima mbele za watu kama amefahamu si utafiti, ni kuamkiana.

Mliokuwako semeni, na mwenye kubisha abishe. Nawe mzee wa vitambaa usijifiche. Jana tu ulisimama pale dukani kwa Mhindi na chupa mkononi: "Mwanaisha mwanangu, hii ya kunywa ama ya kupaka?"