Kamba ya Kadii

Siku hizi ndege wa mpunga wanafukuzwa kwa kelele za simu iliyotundikwa mtini, lakini miaka ile ya hamsini, hapa Kulesa, walifukuzwa kwa mkono wa mtu, na kila mkono tuliujua kwa mlio wake.

Mkono wa Hiribae ulijulikana kuliko yote. Yeye alikuwa na ulingo wake, jukwaa la miti la kuamia ndege, katikati ya shamba, mkewe Kadii alikuwa na wake ukingoni mwa mto, na kati yao ilipita kamba ndefu yenye makopo. Yeyote akivuta, makopo yalilia na ndege wakaruka. Hiribae alikuwa amenunua gitaa kuukuu kwa askari mmoja kivukoni Garsen, akajifunza peke yake huko huko juu ya ulingo. Kwa kuwa kamba aliizungusha kwenye vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, vidole hivyo havikugusa nyuzi hata siku moja. Alibana nyuzi kwa viwili vilivyobaki, na gumba akalipitisha juu ya shingo ya gitaa kama mtu aliyeshika mpini wa jembe. Wimbo ukimpendeza Kadii, aliivuta kamba mara moja, taratibu. Ndivyo walivyozungumza. Watu wa sasa wanapiga kelele mchana kutwa na hakuna anayemsikia mwenzake.

Mwaka wa mafuriko ukingo ulimeguka, ukaenda na ulingo wa Kadii, naye akiwa juu yake. Hatukumpata. Kamba ilibaki, mwisho wake umezama mtoni, na Hiribae hakukubali ikatwe. Msimu uliofuata alipiga kama zamani, kamba vidoleni, na wimbo ulipoisha makopo yalilia. Mara moja, taratibu. Tulisema ni mkondo wa maji. Tulilirudia sana neno hilo.

Ndipo aliporudi Laban, kaka yake Kadii, aliyekuwa akipiga gitaa katika bendi Mombasa. Nilikuwa pale shambani alipopanda ulingoni, akautazama mkono wa Hiribae na kucheka.

"Shemeji, hilo gitaa unalipiga au unalinyonga?"

"Linaimba. Halijafa."

"Halijafa, ila mkono wako unakufa. Hebu kunja ngumi."

Ngumi haikukunjika. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na vile vidole viwili vimepauka. Laban alivishika, akaviachia upesi.

"Mbona vimelowa?"

Jua lilikuwa kali, na tangu asubuhi Hiribae hakuwa ameteremka ulingoni.

Laban hakucheka tena. Aliivua kamba, akaifunga kwenye nguzo ya ulingo. "Usipobadilisha, hutashika gitaa wala jembe," alisema. Akamwonyesha: gumba likae nyuma ya shingo, kifundo kinyooke, vidole vyote vinne vipinde, ncha zibane nyuzi karibu na vile vyuma vya shingoni. Hiribae alihangaika siku nyingi, akitukanwa na shemeji yake kwa upendo. Uvimbe ukapungua. Vidole vikapata rangi.

Siku alipoupiga wimbo mzima kwa vidole vinne, niliacha kazi nikasikiliza. Sijasikia tena kitu kama kile, wala sitegemei. Wimbo ukaisha. Mto ulikuwa umejaa na mkondo ulikwenda mbio, lakini makopo yalitulia kabisa.

"Umesikia?" Hiribae aliniuliza.

"Nimesikia nini?"

"Ndiyo hivyo. Hata mimi sijasikia."

"Shemeji," Laban alisema, "dada yangu amekwenda. Mkono umekuwa mzima, shukuru."

"Mkono ni mzima," Hiribae akakubali, akiitazama kamba pale nguzoni.

Baada ya mavuno mimi na Laban tulikuwa tukivuka kwa mtumbwi, jua bado halijainama. Tulimwona ulingoni akipiga. Gumba nyuma, kifundo kimenyooka, vidole vinne vinatembea. "Umeona mkono ulivyokaa?" Laban alisema kwa fahari. Kisha akaacha kusukuma mtumbwi kwa upondo. Kamba ilikuwa kiunoni mwa Hiribae, imefungwa fundo.

Wimbo ukaisha. Makopo yakalia, mara moja. Kamba ikatoka majini ikichuruzika, ikakaza kama uzi wa gitaa, ikielekea juu, kule maji yanakotoka.

Laban alilitaja jina la dada yake. Upondo ukamponyoka, na maji yakatubeba kuelekea chini. Hiribae alililaza gitaa, akateremka akitabasamu, akaifuata kamba hadi ukingoni. Mara ya mwisho kumwona, maji yalikuwa yamemfika kifuani, na mkono wa kushoto ameunyoosha mbele, vidole vyote vinne vimefumbuka.