Kuna Mtu Anaoga?

Wiki hii tumemzika, hapa Bariadi, mtu niliyefahamiana naye miaka mingi bila kumpenda. Wasomaji wangu mnanijua, sina kipaji cha kulia kwa adabu. Msibani alisifiwa eti alikuwa mpenda maendeleo, nami nikainamisha kichwa watu wasione nilivyokunja uso. Maendeleo yake nayajua. Nimewahi kuoga ndani yake, yakaniunguza mgongo.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, bado tukiwa mkoa wa Shinyanga, kila mwenye mizani na maneno matamu alipogeuka mnunuzi wa pamba. Mwenzetu alineemeka haraka. Akajenga nyumba yenye tenki juu, hita ya umeme, na bafu lililovikwa marumaru kutoka Mwanza, sakafu hadi dari. Tuliitwa kulitazama bafu hilo kama watu wanaokwenda kuona mtoto mchanga, nami nikapewa heshima ya kuoga. Nikiwa na povu kichwani, maji vuguvugu yakageuka ya kunyonyolea kuku. Kumbe jikoni kuna mtu kafungua bomba. Nyumba nzima ilitegemea bomba moja jembamba la maji baridi; jikoni wakifungua, baridi yote inakwenda huko, na anayeoga anabaki na ya hita peke yake.

Dawa yake haikuwa siri. Fundi aliyeunganisha alirudi, akakiri kwamba alikosea, akataka kushusha bomba jingine kutoka kwenye tenki, la bafuni tu. Ila ingebidi kubomoa marumaru za ukuta mmoja, na bwana mkubwa hakusikia la mtu. Marumaru zake ziguswe! Akaona ni rahisi zaidi kuwanyoosha watu. Akapitisha sheria kwamba hakuna kugusa koki yoyote humo ndani kabla ya kuuliza, kwa sauti, kama kuna mtu anaoga. Mkewe aliuliza. Wageni waliuliza. Aliyesahau alioshwa kwa matusi kutoka bafuni, na matusi alikuwa nayo ya kutosha.

Kisha mkewe akajifungua, na mama mkwe akaja kutoka Nkoma kumtunza mzazi. Sisi hapa mkwe tunamheshimu kwa mbali. Hata kula mbele yake hatuli. Asubuhi moja yule mama alifungua bomba jikoni kujaza sufuria ya uji wa bintiye. Sheria ya nyumba angeijulia wapi? Mkwewe akachomoka bafuni, taulo kiunoni, povu masikioni, akimwita aliyeko jikoni mbwa, na mengine ambayo gazeti hili haliwezi kuyabeba. Akafika mlangoni, wakatazamana. Yule mama aliweka sufuria chini, akafunga khanga yake vizuri, akaenda kutafuta gari la kurudi kwao.

Wazee waliona jambo linatengenezeka. Apeleke ng'ombe mmoja Nkoma, aombe radhi, yaishe. Mkewe alimsihi mwezi mzima, mtoto mgongoni. Ng'ombe alikuwa nao wa kujaza bonde. Jibu lake nililisikia kwa masikio yangu: "Angeuliza kwanza." Basi, ndoa ikafia hapo. Mkewe akambeba mtoto, akamfuata mama yake, na yule bwana akaendelea kuoga kwa amani, maana jikoni hakukuwa na mtu tena.

Siku ya maziko yule aliyekuwa mkewe alikuja, mvi zimejaa kichwani, akaingia jikoni kusaidia wenzake chai ya waombolezaji. Akashika koki, mkono ukasita. Nilikuwa mlangoni na birika tupu, nikamsikia akiuliza, taratibu, miaka yote hiyo baadaye: "Kuna mtu anaoga?"

Dada wa marehemu ndiye aliyemjibu, bila kuinua macho kutoka kwenye vikombe alivyokuwa akipanga. "Fungua tu, wifi. Yuko sebuleni."

Akafungua. Mimi nikapita bafuni kutazama. Marumaru zote zipo, hata moja haina ufa. Enyi mnaojenga majumba siku hizi, kuanzia Ngulyati hadi mjini, vunjeni ukuta, mshushe bomba la pili. Marumaru zinauzwa Mwanza mpaka leo.