Mbavu za Mama Mkwe

"Mbavu nne zimevunjika," daktari alisema, akitugeuzia skrini.

Chumba kizima kikanigeukia mimi.

"Si nilisema!" wifi yangu akapayuka. "Huyu ndiye aliyemuua mama!"

Jamani, yaliyonikuta simwombei hata adui.

Mama mkwe alianguka jikoni asubuhi, mbele ya macho yangu. Hapumui. Nikamwita mume wangu, akapiga simu ya dharura, akaweka spika. Muuguzi wa kwenye simu akatuelekeza: mlaze chali, bonyeza kifua kwa nguvu, usiache.

Nikabonyeza mpaka mikono ikafa ganzi. Kuna kitu kililia "ka!" chini ya viganja vyangu. Sikuacha.

Hakurudi.

Mawifi walipoona michubuko kifuani, moja kwa moja polisi. Lakini kupasuliwa mama yao, hawataki kusikia. Ndipo daktari wa mochwari akasema tuanze na CT skani, mashine inayoona ndani bila kisu.

Majibu ndiyo hayo.

"Nilikuwa namwokoa!" nikasema. "Muulizeni kaka yenu, si ndiye aliyeshika simu?"

Mume wangu akakohoa. Akatazama sakafu.

"Mimi nilikuwa nje. Sikuona kitu."

Weee! Askari aliyekuja na mawifi akanidaka mkono.

"Msikimbilie kuhukumu," daktari akasema. "Picha inaonyesha mbavu zimevunjika. Haisemi nini kimemuua. Lazima nifungue."

Wifi yuleyule aliyekataa kisu akadakia, "Mpasueni! Tumjue muuaji!"

Mimi nikalala rumande.

Kesho yake tukaitwa tena, mimi na askari wangu, mume wangu na dada zake.

"Mbavu zimevunjika mbele, na damu iliyovuja ni kidogo mno," daktari akasema. "Moyo ulishasimama. Huyu mama alikuwa anabonyezwa kifua arudi. Kilichomuua ni mshipa wa moyo kuziba."

Nikaangua kilio.

"Ila haukuziba asubuhi ile. Nyama ya moyo ilianza kufa tangu jana yake. Maumivu yake si ya kuficha. Nani alikuwa naye nyumbani siku hiyo?"

Siku hiyo mimi nilishinda kazini. Kila mtu alijua aliyebaki na mama ni nani.

"Alisema kifua kinambana," mume wangu akanong'ona. "Nikamwambia ni gesi tu, alale. Niliogopa nikisema nilikuwepo, mtaniuliza alianza kuumwa lini, mtanichukia."

Kumbe! Bora mimi niitwe muuaji, yeye abaki mtoto mwema.

Mnadhani walimchukia? Thubutu! Dada zake walimkumbatia. "Ni bahati mbaya, kaka. Usijilaumu."

Mimi? Hata pole sikuambulia. Askari alinifungua pingu, nikatoka peke yangu, nikapitiliza kwetu. Mpaka leo sijarudi.

Wewe unayesoma, siku ya msiba usihesabu wanaolia na wewe. Wengi wanajua kulia. Tafuta yule atakayesimama aseme alichokiona kwa macho yake, hata kama kinamuumbua. Ukimkosa ndani ya nyumba yako, ujue unaishi na mpangaji.