Klachi Niliyoikaza Mwenyewe

Sikuondoka Musoma kwa matembezi. Mama yangu alikuwa Bunda akimhudumia dada yangu aliyejifungua, na Jumamosi saa nane mchana alitakiwa awe kijijini kwake, Butiama, kufanya mtihani wa kisomo cha watu wazima. Miaka miwili alikuwa akishika kalamu baada ya kutoka shambani. Akiukosa, angengoja mwaka mzima, na alishaniambia macho yake yameanza kumchoka.

Ijumaa asubuhi, nyumbani kwangu mtaa wa Iringo pale Musoma, nililala chini ya kigari changu kikuukuu nilichokipata kwa padri mmoja aliyerudi kwao. Pedeli ya klachi ilikuwa inazama kidogo kabla ya kushika. Nikaona aibu kumpakia mama kwenye gari lililolegealegea. Nikachukua spana, nikakaza nati mpaka pedeli ikawa ngumu tangu mwanzo, nikajisifu peke yangu, karani mzima wa wilaya. Njiani kwenda Bunda nilisikia harufu ya kuungua, nikaisingizia mioto ya mashambani.

Jumamosi saa tatu tukaaga Bunda. Mji haujapotea nyuma yetu, tukaanza kupanda mlima. Injini ikanguruma kwa nguvu zote lakini gari likawa linajivuta tu, na ile harufu ikajaa ndani. Tukasimama kabisa. Mama hakunigombeza. Alifungua daftari akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Yapata saa tano akatokea Magesa, dereva wa trekta la kijiji cha ujamaa cha jirani, ametoka kulima shamba la pamba la pamoja. Alimwamkia mama, akaelezwa safari yetu, akauliza habari za mtoto mchanga, ndipo akanigeukia.

"Ndugu, vua viatu."

"Viatu?"

"Kanyaga klachi na mguu mtupu. Polepole. Unasikia nini?"

Nilisikia ugumu tu, tangu unyayo ulipogusa.

"Basi umeinyonga. Haiachii, haishiki, inajisugua tu. Ng'ombe wa plau unamfungaga hivyo?"

Mama akainua macho. "Huyo tulimpeleka shule mapema, hajafunga hata ndama. Kamba ya nira ikimkaba ng'ombe hatavuta. Sisi tunaachaga vidole viwili shingoni."

"Ni hivyo hivyo, mama," alisema Magesa, akacheka.

Alikataa katakata kuigusa mpaka ipoe. Mimi nilikuwa nikitazama jua, yeye anaongea na mama habari za mbegu. Kisha akaingia chini, akalegeza ile nati niliyojivunia, akaniambia nibonyeze pedeli kwa mkono huku yeye akipima kwa vidole inatembea kiasi gani kabla ya kushika. Akarudia mara tatu, kwa subira ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Gari lilipanda ule mlima bila kunung'unika.

Tulipofika Makutano tukakunja kulia. Butiama tulifika saa nane na robo, karatasi zimeshagawiwa. Mwalimu alimtazama mama, vumbi mpaka kwenye nyusi, akamwonyesha dawati. Saa kumi alitoka akitabasamu, akaniomba karatasi moja ya kwake mwenyewe.

Jumapili, nikimrudisha mama kwa dada, alinisimamisha kijijini, nyumbani kwa Magesa. Akampa barua aliyoiandika kwenye ile karatasi. Magesa akaigeuzageuza, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nisomee, mama. Mimi hata trekta nilijifunza kwa macho tu."

Mama akasoma, kidole kikifuata kila neno: "Ndugu Magesa. Nilifika. Niliandika mpaka mwisho. Asante sana." Alikwama kwenye "niliandika". Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

Magesa akainamia karatasi. "Jina langu liko wapi hapo?"

Akaonyeshwa. Akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza ile herufi ya kwanza inaitwaje.

Nilisimama pale na elimu yangu yote, nikiwastahi wote wawili kuliko mabosi wangu wa ofisini. Nikawasha gari, nikamwita mama twende. Alikuwa ameshaketi, anachora M kubwa mchangani.

"Tangulia ukamwambie dada yako nitachelewa," alisema bila kuinua kichwa. "Nina mwanafunzi."