Usimpe Chatu Panya wa Mwakani

Iko siku moja, mwanangu Neema, ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Nitakusimulia, na safari hii usikilize mpaka mwisho, maana nimechoka. Tangu Jumatatu umenitumia picha nne za huyo chatu wako, tumbo limevimba kama amemeza kiazi. Kila nikikuuliza kwa nini umempa panya mkubwa hivyo, unanijibu kwa Kiingereza chenu cha Randburg kwamba anakua, na kwamba Ijumaa utampa mwingine. Anakua! Kwani mimi sijui kwamba anakua? Hata wewe ulikuwa unakua, na hakuna aliyekupa sahani ya baba yako ukiwa na miaka miwili.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka Bukavu mwaka uliotangulia, nashona nguo hapa hapa Rosettenville, kusini mwa Joburg, katika chumba cha nyuma kwa Dona Lurdes, mjane wa Kireno. Mumewe alikuwa amemwachia chatu wa aina hiyo hiyo ya wako, wale wafupi ambao wakiogopa wanajiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wanawake wenzangu wa kanisani walipojua ninalala nyumba moja na nyoka, wawili waliacha kuniletea vitambaa vyao. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilikuwa nikipita mbele ya lile sanduku la kioo nikitazama ukuta. Baadaye nikazoea.

Dona Lurdes akapata safari ya kwenda kwa dada yake Maputo, wiki sita. Aliniita, akafungua friza, akanionyesha panya waliogandishwa, kila mmoja na mfuko wake.

"Mmoja kila wiki," akasema. "Umwache ayeyuke, umpashe kwa maji ya moto, umpe kwa koleo. Baada ya hapo usimshike chatu kwa siku mbili. Ni hivyo tu, Esperança."

Jina langu ni Espérance, lakini aliamua kunifanya Mreno na mimi nikanyamaza.

Nikawatazama wale panya. Wadogo, mwanangu! Unene wa vidole viwili. Kwetu mgeni hapewi chakula cha namna hiyo. Nikajiambia mama huyu ni mchoyo, ndiyo maana nyoka wake hanenepi. Wiki mbili nilitii. Ya tatu nikapanda teksi mpaka duka la wanyama huko huko Randburg.

Muuzaji akaniuliza, "Chatu wako ana unene gani hapo katikati?"

"Nipe huyo mkubwa," nikasema. "Anakua."

"Mama, nimeuliza unene wake wa leo."

Mimi fundi wa nguo, ninayeshinda na futi shingoni, naulizwa kipimo na sina! Lakini unajua tulivyo. Tunawanunulia watoto viatu vya shule vinavyopwaya ili wavivae mpaka mwakani, nami nikataka kumnunulia nyoka panya wa mwakani. Kiatu kikipwaya unatia karatasi. Tumbo likizidiwa utafanya nini?

Chatu alimmeza. Ilimchukua karibu saa nzima, nami nimekaa pale napiga makofi kama mjinga. Kesho yake nikamtoa nje nimwonyeshe jirani jinsi alivyoshiba. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Joburg unaijua. Siku iliyofuata nikakuta amemtapika yule panya mzima mzima, nyumba yote inanuka, naye amelala pembeni amelegea, mdomo umejaa ute.

Nikafanya nini? Nikafanya hicho unachotaka kufanya wewe Ijumaa hii. Nikasema maskini, tumbo lake tupu, na baada ya siku mbili nikampa mwingine. Akatapika tena. Toka hapo hakugusa kitu. Nikaanza kuona uti wa mgongo ukichomoza, ngozi ikikunjamana ubavuni. Na kila Jumapili Dona Lurdes akipiga simu, namwambia, "Anakula vizuri sana."

Aliporudi alimwinua chatu kabla hata hajavua koti. Akampitisha mikononi polepole, toka kichwani hadi mkiani, kisha akanitazama.

"Ulimpa nini?"

Nikaeleza huku nalia, sikufichi.

"Nani alikuwa na njaa, Esperança? Yeye au wewe?"

"Sikukuambia umnenepeshe, nilikuambia umwangalie. Na nilikuuliza kila Jumapili. Hao panya ningekusamehe leo leo. Huo uongo utanichukua muda."

Akaninyang'anya funguo za nyumba, lakini kazi yote akanikabidhi mimi. Wiki mbili bila chakula, maji safi na joto tu. Kisha panya mmoja, mdogo kuliko wale niliowadharau. Alipommeza na siku tatu zikapita bila kumrudisha, niliketi sakafuni nikamshukuru Mungu. Mwili wake ulirudi jakaranda zilipokuwa zinachanua, mwezi wa kumi. Funguo za nyumba nilirudishiwa Krismasi.

Basi sikia, nisije nikarudia. Tazama sehemu yake nene kuliko zote. Panya asizidi hapo, na akipungua kidogo si vibaya. Mpime uzito kila mwezi, na eish, si kwa mizani yako ya unga! Mwili ukiongezeka, ndipo uongeze panya kidogo, na kadiri anavyokuwa mkubwa siku za kula ziachane zaidi. Uvimbe mdogo unaoisha kwa siku moja au mbili hauna neno, lakini hizo picha zako, hapana. Ijumaa usimpe kitu. Weka simu chini, picha zatosha, umwache kwenye joto lake. Akitapika, mpumzishe wiki mbili. Akirudia, mpeleke kwa daktari wa wanyama na umtajie ulichompa bila kupunguza.

Na ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, kwa lugha yoyote unayotaka. Nitakugombeza, halafu nitapanda teksi nije.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, mwanangu, na kila kiumbe kinachokula mkononi mwako kiamke kizima. Amina.